Magoti ya Mwinjilisti

Kwa muda wa miezi saba sikutaka kitu kingine duniani ila kumpiga Mwinjilisti kofi moja. Sikutaka mvua, sikutaka bei nzuri ya kabichi, sikutaka hata mtoto wa kiume ambaye mke wangu alikuwa anamwombea kila jioni. Nilitaka kofi. Kiganja changu cha kulia kilikuwa kinawasha, nami nilikuwa nakipuliza kama mtu aliyeunguzwa na uji.

Nitaeleza alikuwa mtu wa namna gani, maana nikisimulia watu husema natia chumvi. Chumvi natia, sikatai. Lakini mboga yenyewe ilikuwepo sufuriani.

Jina alikuwa nalo kama watu wote, ila sisi tulimwita Mwinjilisti, hata mke wake alimwita hivyo. Mchungaji alikuwa anakuja kwetu mara moja kwa mwezi akitokea mbali, kwa hiyo kanisa letu dogo la juu ya Soni lilikuwa mikononi mwa Mwinjilisti: ibada, mazishi, kengele, na kufukuza mbuzi madhabahuni. Nilipomjua vizuri alikuwa na miaka kama hamsini na nane, mwembamba kama mpini wa jembe, na alikuwa na kaptura.

Kaptura hiyo lazima niieleze. Ilikuwa ya kaki, imepigwa pasi mpaka mstari wake ungeweza kukata nyanya. Wakati wa mkoloni kaptura ilikuwa vazi la boi na la tarishi, na tulipopata Uhuru kitu cha kwanza walichofanya wanaume wa kwetu ni kununua suruali ndefu. Mzee wa kwetu alivaa suruali, koti, na kofia, hata jua likiwaka kiasi gani. Magoti ya mtu mzima yalionwa na mkewe, na mganga wa zahanati, basi. Sasa huyu, mtu wa Mungu, kila alfajiri alishuka kijitoni kuoga. Maji ya kijito kile nayajua, vyura wake wangepewa nafasi wangeomba masweta. Akitoka hapo alivaa kaptura yake na kupanda mbio mlima mzima, akipita katikati ya gulio, mapaja nje, mpaka kwenye jiwe kubwa la juu. Pale alilipiga jiwe kwa kiganja, akaruka ruka mara hamsini akinyoosha mikono, akaomba, akashuka kula kiporo cha makande.

Watu walicheka. Siwezi kusema walitabasamu. Walicheka mpaka wakakaa chini. Fundi cherehani wa gulioni alikuwa anasimamisha cherehani yake kabisa ili asikose kitu. "Mwinjilisti," alikuwa anamwambia, "nikuongezee kitambaa bure? Kwa ajili ya Bwana tu."

"Asante, fundi. Kitambaa kikiongezeka na mlima unaongezeka," alijibu bila kupunguza mwendo.

Alikuwa na maneno yake kuhusu mwili. Alisema mwili ni mbuzi, ukiufungulia kamba asubuhi jioni utaukuta kwenye mahindi ya jirani. Kila Ijumaa hakula mpaka jua lizame, na siku hiyo ndiyo alilima zaidi. Kuhusu watu alikuwa na neno moja, nalo aliniambia mara nyingi kuliko mara ninazopiga chafya: "Watu hawakutazami muda mrefu, mwanangu. Wana mashamba yao."

Ungedhani mtu wa namna hiyo hana kinyongo. Hapo ndipo utakosea. Mwinjilisti alikuwa na kisasi kikali kuliko pilipili kichaa, ila alikuwa amekibatiza. Aliwaombea waliomcheka. Aliwaombea kanisani, kwa sauti, kwa jina, na kwa maelezo kamili.

"Bwana," alisema Jumapili moja, amefumba macho, mikono juu, "tunamleta kwako ndugu yetu fundi cherehani. Umempa ulimi mwepesi. Umjalie na mkono mwepesi, maana suruali ya mzee wa kanisa hapa mbele ina miezi mitatu dukani kwake, na mzee anaazima ya shemeji yake kuja ibadani. Amina."

Kanisa zima likasema amina, na mzee wa kanisa akavuta shati lifunike suruali ya shemeji. Suruali ilikuwa tayari Jumanne.

Lakini fundi huyo huyo alipougua kichomi, akalala majuma mawili, shamba lake la maharage lililimwa lote, mstari kwa mstari, na aliyelilima ni Mwinjilisti kwa kaptura. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshaanza kuongea naye, nikamwuliza: "Sasa hii ni upendo au ni kisasi?"

Akasimama, akajifuta jasho, akafikiri kweli kweli. "Sijapata nafasi ya kuvitenganisha," akasema, akainama tena.

Kulima kwake nako kulikuwa na historia. Zamani, mkoloni alipolazimisha watu kuchimba matuta ya kuzuia udongo, mlima wote ulikataa, na ulikuwa na haki ya kukataa, maana walichapwa na kutozwa. Mwinjilisti peke yake alichimba. Si kwa ajili ya mzungu. Alikuwa amesimama kijitoni akaona maji yamegeuka rangi ya chai ya maziwa, akajua yale ni shamba lake linakwenda Mombo. Watu wakamwita kibaraka, wakapita shambani mwake wakayakanyaga matuta yakawa bapa. Akachimba tena. Wakakanyaga tena. Siku ya Uhuru alipiga vigelegele kuliko akina mama, kisha akarudi nyumbani akachukua jembe. Miaka ikapita, ukaja Ujamaa, akaja bwana shamba mwenye viatu vipya, akatukusanya kando ya shamba la Mwinjilisti na kutuambia: "Ndugu wananchi, shamba la ujamaa tutalilima hivi, kama mnavyoona hapa." Wale waliokanyaga walikuwepo, wazee sasa, wakitazama vidole vyao vya miguu. Mwinjilisti hakusema kitu siku hiyo. Alingoja Jumapili, akawaombea wote tisa, mmoja mmoja, kwa mpangilio wa walivyoingia shambani. Ibada ilikwisha saa nane mchana.

Kuna na habari ya mabati. Tulikuwa tunajenga shule, na mabati yalishushwa Soni, barabarani. Kutoka pale mpaka kwetu ni kupanda tu, mahali pengine unaweza kulamba njia bila kuinama. Alikuja katibu mmoja kutoka Tanga kutuhamasisha, mtu wa watu, mnene, mwenye suti ya Ujamaa ya kijivu. Akamwona Mwinjilisti amejitwika.

"Mzee wangu, shikamoo. Hiyo suruali imekatwa na panya?"

"Marahaba, ndugu. Imekatwa na mlima. Twende uone unavyokata."

Katibu alianza na viatu miguuni, njiani vikawa mkononi, na mwisho sijui vilikuwa wapi. Alipofika juu kwa mikono na magoti, Mwinjilisti alikuwa ameshatua mabati ishirini, ameketi, ana kata ya maji. Akampa. "Karibu, ndugu. Mkutano tumeshaufungua tukaufunga." Wenzangu wanasema mabati yalikuwa kumi na mawili. Wao walikuwa nyuma na katibu, wangejuaje.

Sasa nirudi kwenye kofi.

Sitajificha: na mimi nilicheka. Nilicheka kuliko fundi. Siku moja ya gulio, wakati naweka kabichi zangu vizuri, Mwinjilisti alipita, nami nikakunja suruali mpaka mapajani, nikaruka nyuma yake nikipiga magoti kifuani, macho nimefumba, midomo inaomba. Gulio lote likalala chini. Mama mmoja muuza mapeasi alisema mbavu zake hazikurudi mahali pake mpaka Krismasi. Mwinjilisti aligeuka, akaniona, akasema kwa upole: "Onga makeo," kama mtu anayesalimia tu asubuhi, akaendelea na mlima.

Nilijua litakuja. Jumapili niliketi benchi la nyuma, nikajikunja nyuma ya mtu mwenye koti kubwa. Haikusaidia.

"Bwana, tunamwombea ndugu yetu mwenye shamba la kabichi kule kando ya mto. Umempa magoti mazuri, na Jumanne ametuonyesha. Sasa tunakuomba umpe na macho. Maana ni mwaka wa nne huu namtazama kutoka hapa mbele, anashika kitabu cha nyimbo kichwa chini miguu juu, na anaimba hivyo hivyo, hata kurasa anafunua. Umjalie aje darasani, saa kumi jioni, kuanzia kesho. Amina."

Amina ile ilisikika Mlalo.

Ni lazima uelewe alichonivunjia. Mke wangu alikuwa anajua nasoma. Ndivyo nilivyomposa, nikiwa na kalamu mfukoni. Kaka yake alikuwa kibarua Tanga na alikuwa anatuma barua, nami ndiye niliyemsomea, na kwa kuwa sikutaka dada mtu ahuzunike, nilikuwa nampa habari nzuri. Siku ile tulitembea mpaka nyumbani. Alipoweka chungu mekoni ndipo akauliza, taratibu:

"Kwa hiyo kaka yangu hakuoa."

"Huenda ameoa," nikasema.

"Na wale pacha?"

Nikatazama moto.

"Nimewafumia sweta mbili," akasema. "Mbili, za pacha. Nimezituma."

Sikungoja ugali. Nilikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Mwinjilisti, mikono imekunjwa, nikamkuta anakatia mbuzi majani. Nikamwambia nimekuja kumpiga. Nikamwambia amenivua nguo mbele ya mke wangu na mbele ya Mungu.

"Mungu alikuwa anajua," akasema. "Unataka kunipiga kiasi gani?"

Swali hilo sikulitegemea. "Kofi," nikasema. "Moja. Lakini la haja."

"Hapa hakuna mtu wa kuona. Kofi bila watu lina faida gani kwako? Mimi nilikutaja mbele ya watu." Akaweka panga chini. "Tufanye hivi. Kila alfajiri napanda. Wewe nifukuze. Siku utakayonishika kabla sijaligusa jiwe, utanipiga kofi hilo Jumapili, mlangoni mwa kanisa, nimevaa kanzu yangu nyeupe, watu wote wakiona, na sitainua mkono. Siku usiponishika, saa kumi jioni uko darasani."

Mimi nilikuwa na miaka thelathini na mbili na nilikuwa nabeba gunia la viazi kwa bega moja. Yeye alikuwa mzee. Nikaona nimepewa bure. Nikampa mkono.

Siku ya kwanza nilimwona mgongo mpaka kwenye mgomba wa tatu, kisha nikaona ukungu. Siku ya pili nilitapika. Siku ya nne suruali yangu iliyolowa umande ilinizonga nikaanguka mbele ya gulio zima, na siku ya tano, kwa hasira, nikaikata kwa panga ikawa kaptura.

Nilijua sasa alichokuwa anapita yeye kila siku. Kupita gulioni na mapaja nje ni kama kupita katikati ya nyuki. "Mgosi," fundi alinipigia kelele, "tueleze tusaidie kukamata, mwizi ni nani, wewe au yeye?" Watoto walitufuata. Mama wa mapeasi alishika mbavu mapema, kwa tahadhari. Nilikimbia nimeinamisha uso, na kila kicheko kilizidisha hamu ya lile kofi, nikawa napanda kwa hasira tupu kama gari lililotiwa petroli.

Na kila jioni saa kumi nilikaa kwenye benchi la kanisa na akina mama na wazee, ubao mbele, chaki mkononi mwa yule yule. Nilijifunza *a* nikimchukia. Nilijifunza *ba* na *be* nikipima shavu lake la kushoto. Wenzangu walisoma ili wajenge taifa. Mimi nilisoma kwa sababu nilishindwa mbio. Lakini herufi haziulizi umekuja kwa nini. Mwezi wa tatu nilisoma gunia la mbolea. Mwezi wa nne nilisoma barua ya shemeji yangu, ya kweli, na mke wangu akakaa mbele yangu kama hakimu. Barua ilisema hajaoa, anaumwa meno, na anauliza zile sweta mbili ndogo ni za nani. Mke wangu alicheka mpaka akalia, na tangu siku hiyo tukaanza kusemeshana tena.

Mwezi wa tano nikagundua kitu sokoni. Hakuna aliyekuwa anatutazama. Fundi alikuwa anashona. Mama wa mapeasi alikuwa anapanga mapeasi. Nilipita mapaja nje, nikakasirika kidogo kwa kutochekwa.

Lakini kofi nilikuwa bado nalitaka. Mtu asidhani nilikuwa nimeokoka.

Kulikuwa na jambo moja katika mbio zake ambalo sikulielewa. Juu ya gulio njia inagawanyika. Ya kulia ni pana, inazunguka polepole kupitia nyumba za watu. Ya kushoto ni ya mbuzi, imesimama wima. Yeye siku zote alichukua ya kushoto, na watu walisema anajionyesha. Asubuhi moja ya mvua iliyokatika, nikiwa nyuma yake hatua kama arobaini, aliingia kushoto kama kawaida na ukungu ukammeza. Nikapanda. Nikapishana na bibi kizee anashuka polepole na mzigo wa kuni, kanga ameifunika mpaka machoni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa ndani ya kanga. Nikapanda hatua nyingine kumi, nikaona kichaka kinatetemeka.

Mwinjilisti alikuwa amechuchumaa ndani ya kichaka, ameshika jani la mgomba mapajani kwa mikono miwili.

"Ameshapita?" akaniuliza kwa kunong'ona.

"Nani?"

"Punguza sauti. Mama mkwe."

Nikaelewa yote kwa pamoja. Kwetu mwanamume hakutani na mama mkwe wake njiani hivi hivi. Anampisha, anainamisha macho, anazungumza naye kwa adabu akiwa amevaa mpaka shingoni. Kumwonyesha mkwe mapaja, wapo waliotozwa mbuzi kwa kidogo kuliko hicho. Nyumba ya bibi ilikuwa kwenye njia ya kulia. Yule mtu asiyemwogopa fundi, wala katibu, wala mkoloni, alikuwa anapanda njia ya mbuzi kwa miaka yote hiyo akimkwepa bibi mmoja mwenye kuni. Leo mvua ilikuwa imebomoa njia ya kulia, na bibi akapita kushoto.

"Umenishika," akasema, akasimama na jani lake. "Sijaligusa jiwe. Jumapili kofi ni lako."

Nikamtazama. Kiganja kiliacha kuwasha mara moja. "Mwinjilisti," nikamwambia, "hili nililo nalo sasa ni kubwa kuliko kofi."

Alielewa. Angeweza kuniomba, nami ningekubali, hilo nasema leo. Hakuomba. Alisema tu: "Jumapili zamu ya kusoma Neno ni yako. Mistari sita. Jitayarishe."

Juma lile nilikuwa na furaha mbaya sana. Mke wangu aliniambia nacheka usingizini. Nilipomweleza, hakucheka. "Mume wangu, kumtaja mtu mbele ya mkwe wake si mchezo. Anaweza kushindwa kusimama tena pale mbele. Tutabaki na nani?"

"Mimi alinitaja mbele yako."

"Ndiyo," akasema. "Na sasa unasoma."

Nilikwenda hivyo hivyo. Kanisa lilijaa mpaka madirishani, kwa sababu habari ya kofi ilikuwa imevuja. Bibi mkwe aliketi benchi la mbele upande wa akina mama, mahali pake pa siku zote. Nikaitwa. Nilishika Kitabu, kichwa juu miguu chini, nikasoma mistari sita. Nilisoma kwa sauti ambayo nadhani waliokuwa Mombo waliweka mizigo chini. Nilikosea neno moja, nikarudia. Nilipoinua macho niliona watu wote wananitazama, na sikuogopa hata mmoja. Hapo ningekaa. Badala ya kukaa nikafumba macho.

"Bwana," nikasema, "tunamleta kwako Mwinjilisti wetu. Umempa moyo wa kutoogopa watu. Umwondolee na woga wa mtu mmoja aliyebaki, maana Alhamisi nimemkuta kichakani, amejifunika jani la mgomba, anamkwepa mama mkwe wake, na ni mwaka wa kumi sasa anapanda njia ya mbuzi kwa sababu hiyo. Amina."

Hakuna aliyesema amina. Nikafumbua macho, nikaona kanzu nyeupe imesimama pale na uso wa Mwinjilisti umekuwa wa majivu, na kwa mara ya kwanza katika miezi saba nikatamani nisingekuwa na ulimi. Kisha yeye mwenyewe, kwa sauti iliyokauka, akasema: "Amina."

Bibi akasimama. Alichukua muda kusimama, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Hakumtazama mkwe wake, alitazama ukuta, kama adabu inavyotaka.

"Nimesikia," akasema. "Mkwe wangu anazunguka mlima kwa ajili yangu. Na mimi, mwambieni, kila alfajiri nikisikia vicheko vya gulioni nakaa ndani na mkojo umenibana mpaka apite, nisije nikamwaibisha. Kuni nakwenda kutafuta njaa imeshauma. Magoti yake nimeyaona tangu Uhuru, dirisha langu linatazama huko. Ni magoti tu. Apite njia ya kulia, jamani, nami nitoke."

Hicho kicheko sitakieleza, nitaitwa mwongo. Mchungaji alipokuja mwezi uliofuata alikuta paa limelegea.

Mlangoni, Mwinjilisti alisimama na kanzu yake, akanigeuzia shavu. Watu wakazunguka. Wanaosema sikulipiga hawakuwepo. Nililipiga, moja, la haja, na kanzu ikacheza. Hakuinua mkono. Alisema, "Limefika," akawaendea wazee kuwapa mikono.

Kesho yake alfajiri nilijikuta kijitoni nimevaa kaptura. Alikuwa ameketi kwenye jiwe la kuogea kama mtu anayengoja.

"Leo unafukuza nini?" akaniuliza.

"Sijui."

"Haya, twende," akasema, na gulioni tukachukua njia ya kulia.

Tulipanda pamoja miaka mingi. Kisha alistaafu, mkewe akafariki, na binti yake aliyeolewa Mgwashi akamchukua. Mimi niliendelea na masomo ya jioni mpaka nikapata cheti Lushoto, na ndicho kinachonipa kiburi cha kuandika haya. Nilikwenda kumwona mara moja tu, na nilichelewa, nakiri.

Nilimkuta barazani, kwenye kiti, blanketi miguuni. Alikuwa amevaa suruali ndefu. Hiyo ndiyo iliyonitisha kuliko mvi. Binti yake alinivuta pembeni: alianguka wakati wa masika, mfupa umepona, zahanati wamesema atembee kila siku la sivyo miguu itakufa, naye hatembei. "Umwambie wewe, kaka. Wewe anakusikia."

Nikakaa. Nikamwamkia. Nikamwuliza, mazoezi je?

"Niliacha mwezi wa pili tangu nihamie," akasema. "Kabla ya kuanguka."

"Wewe?"

"Hapa ni watu wema sana. Siku ya kwanza nilipita na kaptura, wakanipisha njia, wakasema shikamoo Mwinjilisti. Siku ya pili shikamoo. Hakuna aliyecheka, hata mtoto." Akatazama bondeni. "Nikajikuta sina sababu ya kupanda. Nimekaa hapa nafikiri jambo hilo, mwanangu. Miaka yote nilisema namkimbilia Bwana. Kumbe nusu ya njia nilikuwa nawakimbilia nyinyi."

Nilikuwa nimekuja na maneno ya kutia moyo, niliyapanga njiani kutoka Soni.

"Nifanyie jambo," akasema. "Nicheke."

"Mzee, siwezi."

"Ulikuwa unaweza. Ulikuwa hodari kuliko wote." Akasukuma blanketi likaanguka. Akakunja suruali, mguu mmoja, kisha wa pili, taratibu, mpaka juu. Magoti yalikuwa yamebaki mafundo mawili kwenye fimbo. "Haya."

Nikajaribu. Kicheko kilitoka kama kikohozi cha mbuzi. Akatikisa kichwa, hakijamfikia. Nikasimama, mimi mwenye miaka hamsini na kitu, mwenye cheti, mzee wa kanisa, nikakunja suruali yangu mpaka mapajani, nikaanza kuruka mbele yake nikipiga magoti kifuani, macho nimefumba, midomo inaomba. Nikasikia kiti kinalia. Nilipofumbua macho alikuwa amesimama, ameshika nguzo, anatetemeka mwili mzima, na uso wake umekunjamana kwa hasira niliyoijua, na hapo nikacheka kweli, machozi yakinitoka, nikamnyooshea kidole.

"Kaka, umekuwa mwendawazimu?" binti yake alitoka jikoni na mwiko. "Unamcheka baba yangu nyumbani kwake?"

"Mwache," Mwinjilisti akasema. Akaachia nguzo. Hatua moja. Ya pili. Akashuka barazani ngazi moja moja, mapaja nje, pumzi juu juu, mimi nikimfuata nyuma nikicheka na mikono nimeitanguliza tayari kumdaka. Njiani, nje ya ua, kulikuwa na watu wamesimama na majembe, na msichana mmoja mwenye ndoo alikuwa ameshaziba mdomo kwa mkono.

Hakugeuza kichwa. "Wanaotazama ni wangapi?" akaniuliza.

"Wanne, Mwinjilisti."

"Wachache hao," akasema, akafungua mlango wa ua, akatoka barabarani.